Usafiri wa reli jijini Dar es Salaam

Usafiri wa reli jijini Dar es Salaam hutegemea njia tatu zinazoanzia mjini humo. Ya kwanza ni Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 wakati wa ukoloni wa Kijerumani. Ya pili ni reli ya TAZARA inayoelekea Zambia, iliyojengwa katika miaka ya 1970. Ya tatu ni reli ya umeme inayojulikana kwa kifupi kama SGR, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2024.

Njia hizo tatu hazina upana mmoja. Nafasi kati ya vyuma viwili vya reli ni milimita 1,000 kwa Reli ya Kati, 1,067 kwa TAZARA na 1,435 kwa SGR. Tofauti kati ya mbili za kwanza haifiki upana wa kiganja cha mkono, lakini inatosha kuzuia behewa la njia moja lisipite kwenye nyingine. Abiria anayetoka Mbeya kwenda Dodoma kwa treni hana budi kushuka Dar es Salaam, kuvuka mji kwa daladala, bajaji au teksi, na kupanda treni nyingine. Mizigo nayo hupakuliwa na kupakiwa upya. Kwa hiyo kazi ya kuunganisha reli ambazo zenyewe hazikutani hufanywa na mji wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo.

Mahali pa stesheni

Stesheni ya Reli ya Kati iko katikati ya mji, kati ya Barabara ya Sokoine na Mtaa wa Railway, jirani kabisa na bandari. Stesheni ya SGR imejengwa kando yake, na jengo lake limebuniwa kwa kufuata umbo la tanzanaiti, kito kinachochimbwa Mererani. Kutoka hapo hadi soko la Kariakoo ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Kituo cha Gerezani cha mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, nacho kiko katika eneo hilohilo.

Stesheni ya TAZARA iko mbali zaidi, kwenye Barabara ya Nyerere (zamani Pugu Road), inapokutana na Barabara ya Mandela kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege. Wakazi wengi wa mji hulichukulia neno “Tazara” kuwa jina la mahali, yaani makutano ya barabara yenye daraja la juu la Mfugale. Kumbe ni kifupisho cha jina la Kiingereza la Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia.

Kabla ya reli

Katika karne ya 19 bidhaa za bara zilifika pwani vichwani na mabegani mwa watu. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi, kila mpagazi akibeba mzigo wa takriban kilo 30. Wanyamwezi walijulikana kote kwa kazi hiyo, na kwao haikuwa kazi ya aibu. Kijana aliyewahi kufika pwani na kurudi alipata heshima kijijini.

Dar es Salaam wakati huo ilikuwa ndogo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuijenga katika miaka ya 1860, lakini baada ya kifo chake mwaka 1870 majengo mengi yaliachwa yakabomoka. Wajerumani walihamishia huko makao makuu ya koloni lao mwaka 1891 kutoka Bagamoyo. Sababu kubwa ilikuwa bandari: Bagamoyo haina kina cha maji, na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali na ufuko, ilhali Dar es Salaam ina hori lenye kina na kinga dhidi ya mawimbi. Hata hivyo misafara iliendelea kwenda Bagamoyo kwa miaka kadhaa, kwa kuwa njia, wenyeji na mikopo ya wafanyabiashara vilikuwa huko. Reli ndiyo iliyomaliza shauri hilo. Bagamoyo haikupata reli, na biashara yake ikapungua kila treni iliposonga mbele kuelekea bara.

Ujenzi wa Reli ya Kati

Reli ya kwanza katika koloni hilo haikuanzia Dar es Salaam bali Tanga, mwaka 1893, kwa ajili ya mashamba ya Usambara. Ujenzi kutoka Dar es Salaam ulianza mwaka 1905, mwaka uleule ambao Vita vya Maji Maji vilizuka kusini. Kazi ilifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani. Treni zilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 reli ikafika Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wote ni takriban km 1,250. Tuta lilichimbwa na kujazwa kwa majembe na makarai, na vibarua wengi walitoka katika makabila ya bara, miongoni mwao Wanyamwezi walewale ambao baba zao walikuwa wapagazi.

Njia ilifuata kwa kiasi kikubwa barabara ya misafara. Anayetazama ramani ataona kwamba miji mikubwa ya reli ama ilikuwa vituo vya misafara, kama Tabora, ama ni miji iliyokua kwa sababu treni ilisimama hapo, kama Dodoma.

Mfano mmoja unaonyesha vizuri uwezo wa reli hiyo mpya. Meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika maelfu ya masanduku. Masanduku hayo yaliteremshwa bandarini Dar es Salaam, yakasafirishwa kwa Reli ya Kati, na meli ikaunganishwa upya Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Ilitolewa majini mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Kwa misafara ya wapagazi kazi kama hiyo isingewezekana hata kidogo.

Kariakoo: jina la wapagazi kando ya reli

Jina la Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza “Carrier Corps”, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa wamepanga kutenga makazi ya Waafrika magharibi ya mji na walikuwa wamejenga ukumbi wa soko huko. Vita ilipoanza mwaka 1914 mipango ikasimama. Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916, na eneo hilo likatumiwa kama kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Baada ya vita soko lilifunguliwa, na jina la kambi likabaki katika matamshi ya Kiswahili.

Hapo kuna jambo ambalo mwanafunzi wa historia asilipite haraka. Reli ilijengwa ili kuondoa upagazi, na kufikia mwaka 1914 ilikuwa imekwisha kufanya hivyo kwenye njia ya Tabora. Lakini vita haikupiganwa kandokando ya reli tu. Wajerumani waliporudi nyuma walivunja madaraja ya reli, kisha wakaingia kusini ambako hakukuwa na treni wala barabara, na ndorobo waliua wanyama wa mizigo. Jeshi la Uingereza likalazimika kuwategemea binadamu tena, na maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walichukuliwa, wengi kwa nguvu, kubeba chakula na risasi. Waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mtaa mashuhuri kuliko yote ya Dar es Salaam unabeba jina lao, lakini wanunuzi wengi wanaopita hapo kila siku hawajui.

Chini ya Waingereza mji uligawanywa katika kanda tatu: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika, baadaye pamoja na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo kama mpaka. Stesheni ilibaki upande wa mjini wa mpaka huo, lakini wageni wa bara walioshuka hapo walielekea ng'ambo ya pili, kwa ndugu na watu wa kwao. Kariakoo ilijaa Wazaramo wa jirani, Wanyamwezi, Wamanyema wenye asili ya Kongo na wengine wengi. Majina ya mitaa kama Nyamwezi na Kongo bado yanasikika hadi leo, ingawa Mtaa wa Kongo sasa unajulikana zaidi kwa nguo kuliko kwa historia.

Uhusiano na Kongo haukuwa wa watu peke yao. Wabelgiji, ambao majeshi yao yaliingia Tabora mwezi Septemba 1916, walipata kwa mkataba wa mwaka 1921 haki ya kutumia sehemu maalumu za bandari huko Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka. Kwa njia hiyo bidhaa za mashariki mwa Kongo, pamoja na za Rwanda na Burundi, zilipita katika Reli ya Kati kwenda baharini. Wafanyabiashara wa Lubumbashi, Kalemie na Bujumbura wanaonunua bidhaa Kariakoo leo wanafuata njia yenye umri wa zaidi ya karne moja.

Matawi na miaka ya umoja

Waingereza waliongeza matawi. Muhimu zaidi ni lile la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, ambalo liliifikisha reli Ziwa Victoria na kuifanya pamba ya Usukuma iende baharini bila kupitia Kenya. Tawi la Mpanda lilifuata mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliunganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga; kabla ya hapo treni haikuweza kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi.

Kuanzia mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa na shirika moja. Kwa kuwa zote zilikuwa na upana wa milimita 1,000, na kwa kuwa kulikuwa na kipande kati ya Kahe na Voi, behewa liliweza kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi au Kampala bila kufunguliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mali ziligawanywa, na Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania (TRC).

Wafanyakazi wa reli na bandari

Stesheni na bandari zilikuwa mahali pa kwanza mjini ambapo watu wengi walifanya kazi ya mshahara pamoja, na ndiyo maana migomo mikubwa ilianzia huko. Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai mishahara ya kutosha kuishi mjini. Mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wa reli, kisha ukapanda na njia hadi miji ya bara. Habari zilisafiri kwa treni zilezile ambazo serikali ilizitumia kutawala. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru, wafanyakazi wa reli chini ya chama chao cha TRAU, kilichoongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma tena kwa muda mrefu.

Historia ya siasa ya Kariakoo, ikiwa ni pamoja na kuanzishwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, mara nyingi husimuliwa kwa majina ya viongozi pekee. Lakini bila vyama vya wafanyakazi na bila reli iliyobeba wajumbe kwenda Morogoro, Dodoma na Tabora, chama kisingeenea kwa haraka ile.

TAZARA

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia (sasa Zimbabwe) walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita huko kwenda baharini, ikabanwa. Marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda walitafuta fedha za kujenga reli ya kutokea Dar es Salaam. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa zikisema mradi hauna faida. China ilikubali, ikatoa mkopo usio na riba, na reli ya km 1,860 ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 hadi New Kapiri Mposhi. Km 975 kati ya hizo ziko Tanzania. Ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, na kwa sababu ya lengo lake la kisiasa iliitwa Reli ya Uhuru.

Upana wake wa milimita 1,067 haukuchaguliwa kwa bahati. Ni kipimo cha reli za Zambia na za nchi nyingi za kusini mwa Afrika, na shaba ilitakiwa kutoka mgodini hadi melini katika behewa moja. Kwa Zambia ulikuwa uamuzi sahihi. Kwa Tanzania ulimaanisha kuwa na mifumo miwili ya reli ndani ya nchi moja, na ya pamoja katika bandari moja. Baadaye kituo cha kuhamishia mizigo kilijengwa Kidatu, mkoani Morogoro, ambako tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa linaifikia TAZARA.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Kwa miaka mingi abiria wa treni kati ya Paris na Madrid walibadilisha treni mpakani, kwa kuwa reli za Ufaransa zina milimita 1,435 na za kawaida za Hispania zina milimita 1,668. Hispania ilipojenga reli zake za mwendo kasi ilitumia kipimo cha jirani zake, na sasa ina mifumo mikuu miwili. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam ina mitatu, na yote haimo mpakani bali ndani ya mji mmoja.

Miaka ya kudorora

Tangu miaka ya 1980 Reli ya Kati ilipoteza mizigo na abiria kwa barabara. Vichwa vya treni vilichakaa, vipuri vilikosekana, na mwendo ulipunguzwa katika sehemu ambazo mataruma na vyuma vilikuwa vimezeeka. Safari ya Kigoma, ambayo kwa ratiba ni ya siku mbili hivi, mara nyingi ilichukua muda mrefu zaidi.

Tarehe 24 Juni 2002 ilitokea ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli nchini. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,000 ilishindwa kupanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Breki hazikushika, treni ikarudi nyuma kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa kampuni ya TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa 51 kwa mia na serikali ya Tanzania 49. Ubia huo ulivunjika baada ya miaka michache na serikali ikachukua hisa zote. Katikati ya hayo, mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kipande hicho hufuata bonde la mto na kimekuwa udhaifu wa Reli ya Kati tangu zamani: kila kikikatika, Dar es Salaam hutengana na sehemu kubwa ya reli hiyo. Mwaka 2017 sheria mpya iliunganisha kampuni ya uendeshaji na ile iliyomiliki miundombinu, na jina la TRC likarudi.

Kwa upande wa kaskazini, treni ya abiria ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka 2020, baada ya njia hiyo kukaa miaka mingi bila treni.

Treni za mjini

Reli za Dar es Salaam zilijengwa kwa ajili ya kutoka mjini, si kwa ajili ya kuzunguka ndani yake. Hali hiyo ilibadilika kidogo mwezi Oktoba 2012, foleni za magari zilipokuwa zimezidi. Treni ya TRL ilianza kubeba abiria kati ya stesheni ya mjini na Ubungo Maziwa, na ya TAZARA kati ya stesheni yake na Mwakanga. Wananchi waliiita “treni ya Mwakyembe”, kwa jina la Harrison Mwakyembe aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Baadaye njia ya Pugu iliongezwa.

Treni hizo hukimbia asubuhi na jioni. Mabehewa yalikuwa ya zamani na watu walisimama wamebanana, lakini aliyezoea kukaa barabarani saa mbili kutoka Pugu hakulalamika sana. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa uleule wa siku zote: treni mbili za mji mmoja, kila moja kwenye reli yake, bila stesheni ya pamoja.

SGR

Jiwe la msingi la reli ya SGR liliwekwa na Rais John Magufuli mwezi Aprili 2017 huko Pugu. Sehemu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, km 205 za njia kuu, na ile ya Morogoro hadi Makutupora, km 336, zilijengwa na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki, sehemu ya kwanza ikishirikiana na Mota-Engil ya Ureno. Kazi ya kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma ilifuata kwa mikataba mingine.

Ujenzi huo ulikuwa na gharama kwa wakazi. Sheria inatenga ardhi kila upande wa njia kama hifadhi ya reli, na katika miaka ya uzembe watu walikuwa wamejenga nyumba, maduka na vibanda hadi karibu na mataruma. Nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi katika maeneo kama Buguruni ziliwekwa alama nyekundu ya X na kubomolewa. Serikali ilishikilia kwamba ardhi ilikuwa ya reli tangu mwanzo; wakazi walisema walikaa hapo miaka mingi na kulipa kodi bila kuulizwa. Katikati ya mji njia imeinuliwa juu ya daraja refu la zaidi ya km 2, kwa hiyo treni hupita juu ya barabara bila kusimamisha magari.

Treni za abiria zilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huduma hiyo rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Vituo vya kwanza kutoka Dar es Salaam ni Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Treni zinaweza kufikia mwendo wa km 160 kwa saa. Morogoro ni takriban saa mbili, na Dodoma ni chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Nauli ya daraja la kawaida iliyopangwa mwaka huo ilikuwa Sh 13,000 hadi Morogoro na Sh 31,000 hadi Dodoma. Karibu na Kilosa njia hupita katika mahandaki manne, na kwa namna hiyo inakwepa sehemu ya bonde linalofurika.

Umeme una mashaka yake pia. Katika siku za mwanzo treni ilisimama njiani, na TRC ikaeleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu kwenye nyaya. Maelezo hayo yalichekwa sana mitaani, ingawa wanyama kugusa nyaya za umeme ni jambo la kawaida kwa reli za aina hiyo duniani. Mwishoni mwa 2024 zilianza kazi treni ambazo injini zake zimo ndani ya mabehewa yenyewe, zilizotengenezwa Korea Kusini. Kwa kuwa pua yake imechongoka, zilipewa jina “mchongoko”, na jina hilo sasa hutumiwa hata na shirika lenyewe.

Kati ya stesheni na soko

Jengo la soko kuu la Kariakoo lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975. Liliungua tarehe 10 Julai 2021, na serikali ikaanza kulikarabati na kujenga jengo jipya kando yake. Lakini Kariakoo ya biashara ni kubwa kuliko jengo hilo. Ni mitaa yote inayolizunguka, yenye maduka ya jumla yanayohudumia mikoa ya Tanzania pamoja na Kongo, Zambia, Malawi na Komoro.

Vituo vya mabasi ya mikoani vimezidi kusogezwa nje ya mji: kwanza Ubungo, kisha mwaka 2021 Mbezi Louis. Stesheni ya reli haikuhama. Kwa hiyo treni ndiyo usafiri mkuu wa masafa marefu wa nchi kavu unaomfikisha mtu karibu na Kariakoo yenyewe. Mfanyabiashara wa Morogoro au Dodoma anaweza kuingia mjini asubuhi, kununua na kurudi kwao siku hiyohiyo.

Mzigo wake ni habari nyingine. Treni ya abiria ya SGR ina ukomo wa uzito ambao mtu anaruhusiwa kuingia nao, na marobota ya nguo au maboksi ya vyombo hayaingii behewani. Katika Reli ya Kati ya zamani abiria alizoea kusafiri na magunia yake na kununua mchele, kuku au asali dirishani njia nzima. Sasa mwenye mali hupanda treni, na mali huenda kwa lori au basi, mara nyingi kwa gharama kubwa kuliko tiketi yake.

Kabla ya kufika kwenye lori, mzigo huo hutolewa dukani kwa mkokoteni au guta, baiskeli ya magurudumu matatu yenye tela mbele au nyuma, na katika vichochoro visivyopitika kwa magurudumu hubebwa na wachukuzi kichwani na mabegani. Malipo hupatana mzigo kwa mzigo. Wachukuzi wengi ni vijana waliotoka mikoani, na wengine huanza kazi siku chache tu baada ya kufika mjini.